Gemu za zamani ukiwa Mtwara: njia za kuzicheza leo, kuanzia simu hadi TV ya chogo

Mwaka jana, nyumbani kwa bibi yake Chikongola, mpwa wangu alifukua kaseti ya njano kwenye sanduku la vitu vilivyosahauliwa. Juu yake ilibandikwa karatasi inayodai ndani kuna gemu 9999. "Mjomba, hii inachomekwa wapi?" Nikamwambia ilikuwa inachomekwa kwenye mashine iliyokufa kabla yeye hajazaliwa. Akaigeuzageuza, akauliza kama haiwezi kuingia kwenye simu.

Nilicheka. Baadaye nikaona nimecheka bure, maana kwa namna yake inaweza. Tangu siku ile tumepita karibu kila njia: simu, laptopu iliyokuwa imetupwa kabatini, PS2 ya mtumba, mpaka TV ya chogo iliyotolewa na gesti moja ilipobadilisha kuweka za ukutani. Nayaandika tuliyojifunza, pamoja na mambo mawili ambayo watu wa mbali hawayagusi: umeme unaokatika bila hodi, na hewa ya chumvi. Kwetu huku hivyo viwili vinaua mashine nyingi kuliko uzee.

## Jiulize kwanza unaikumbuka gemu ipi

Usianze kutafuta mashine. Anza na gemu, maana kila kizazi kina uzito wake.

Kama unakumbuka vile vifaru vinavyomlinda ndege asipigwe, Mario mwenye masharubu, Contra ya watu wawili au bata wa kupigwa kwa bunduki, hizo ni gemu za Famicom ya Nintendo, iliyotoka Japani Julai 1983. Wengi wetu hatukuwahi kuigusa Famicom yenyewe. Tulicheza mashine za kuiga kutoka Uchina, zenye kaseti za njano na pedi nyepesi kama kiberiti, ila gemu zilikuwa zilezile. (Zile 9999 zilikuwa uongo mtupu, bila shaka. Ukihesabu vizuri unakuta ni chache tu zinazojirudia kwa majina tofauti.) Faili zake ni ndogo mno: Super Mario Bros. nzima ina takriban kilobaiti 40. Picha moja ya harusi uliyotumiwa kwenye WhatsApp inaizidi mara nyingi.

Zikafuata Sega Mega Drive mwaka 1988 na Super Famicom mwaka 1990. Hapo gemu zinafika megabaiti kadhaa, bado kitu kidogo.

Aliyekulia banda la gemu anatafuta kingine kabisa: Tekken 3, Winning Eleven, San Andreas. Hiyo ni PlayStation ya Desemba 1994 na PS2 ya Machi 2000. PlayStation ya kwanza ilitumia CD, kwa hiyo gemu moja inaweza kufika megabaiti 700. PS2 ilitumia DVD, na gemu moja inaweza kujaza gigabaiti 4.7. PlayStation ya kwanza niliyoiona mimi ilikuja kutoka Kariakoo kabla Daraja la Mkapa halijafunguliwa mwaka 2003, ikavuka Rufiji kwa pantoni imefungwa ndani ya khanga za mama mwenye mali. Foleni ya kuicheza ilianza kabla haijatolewa kwenye kifurushi.

Sasa kanuni yangu: Famicom, Sega na Super Famicom, simu yoyote inatosha. PlayStation ya kwanza, simu ya kawaida au laptopu ya zamani. PS2, tafuta PS2 yenyewe.

## Simu: njia ya watu wengi

Programu inayoifanya simu au kompyuta ijifanye mashine nyingine inaitwa emuleta. Kwa Android zipo nyingi, na nyingi zimejaa matangazo yanayoruka usoni katikati ya pambano. Mimi ninapendekeza tatu tu. Lemuroid ni ya bure, haina matangazo, na inabeba mashine nyingi ndani yake. RetroArch ina uwezo mkubwa zaidi lakini menyu yake itakuchosha wiki ya kwanza. PPSSPP ni ya PSP, ile mashine ya mkononi ya Sony, peke yake, na katika kazi hiyo haina mpinzani. Wenye iPhone walikuwa wamefungiwa mlango kwa miaka mingi, mpaka Aprili 2024 Apple iliporuhusu emuleta dukani kwake; huko tafuta Delta.

Hatua tulizopitia na mpwa wangu kwa Lemuroid ni hizi:

1. Pakua Lemuroid kutoka Play Store. Usiichukue kwa mtu anayekurushia kwa Bluetooth, hata kama ni rafiki, kwa sababu hujui nini kimepachikwa ndani.

2. Fungua sehemu ya mafaili kwenye simu, tengeneza folda moja, iite gemu. Weka humo mafaili yako. Ukiwa na memori kadi, iweke huko, maana gemu tano tu za PlayStation ya kwanza zinaweza kumaliza nafasi ya simu ndogo.

3. Fungua Lemuroid, itakuuliza folda iko wapi. Ionyeshe. Itachambua yenyewe kipi ni cha Sega na kipi cha Nintendo, na kupanga picha za makava. Kwa picha hizo inahitaji bando kidogo, baada ya hapo unaweza kuzima data kabisa.

4. Gusa gemu, cheza. Vitufe vitatokea kwenye kioo.

5. Kabla hujazoea kitu kingine chochote, jifunze kuhifadhi mahali ulipofika. Zamani tulikuwa tunaandika namba za siri nyuma ya daftari la hesabu, au tunaiacha mashine ikiwaka usiku kucha huku tumefunika taa yake kwa kitambaa ili baba asiione. Emuleta inahifadhi popote, hata ukiwa hewani unaruka.

Tatizo la simu ni vidole. Vitufe vya kwenye kioo havina mwili, na katika gemu ya kuruka mashimo utakufa bila kosa lako. Nunua pedi. Pedi ya PS4 inaungana na Android kwa Bluetooth: bonyeza kitufe cha Share pamoja na kile cha PS kwa wakati mmoja, shikilia mpaka taa ianze kumweka haraka, kisha itafute kwenye Bluetooth ya simu. Za kuiga zimejaa madukani na nyingine zinakataa kuungana, kwa hiyo jaribu palepale mbele ya muuzaji kabla pesa haijatoka mfukoni. Kama huna ya kutosha, pedi ya waya wa USB ya bei ndogo inafanya kazi vizuri kwa kichomeko cha OTG, kile kidogo kinachounganisha USB na simu.

Wengi hutaka kuirusha picha kwenye TV kwa Wi-Fi. Usijisumbue. Picha inachelewa, unabonyeza sasa Mario anaruka baadaye. Kuna waya wa kutoka tundu la Type-C kwenda HDMI ambao hauchelewi, lakini simu nyingi za bei ya chini hazitoi picha kwa njia hiyo hata uchomeke waya wa dhahabu. Uliza kwanza kama simu yako inaweza.

Kwa PlayStation ya kwanza kuna neno utakalokutana nalo, baiosi. Ni ile programu ndogo iliyokuwa ndani ya mashine, inayotoa mlio na nembo unapoiwasha. Baadhi ya emuleta zinaidai, nyingine zina mbadala wake. Lemuroid itakupeleka bila hiyo kwa gemu nyingi.

## Mafaili yanatoka wapi

Hapa nitasema wazi. Emuleta yenyewe ni halali. Mahakama ya rufaa Marekani iliamua hivyo mwaka 2000 katika kesi ya Sony dhidi ya Connectix. Gemu ni jambo jingine. Sheria yetu ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda nyimbo na vitabu, na umri wa gemu hauifanyi kuwa mali ya kila mtu. Ninajua vilevile kwamba nusu ya sidii tulizokua nazo zilichomwa nyuma ya duka fulani, zikaandikwa kwa kalamu ya wino mzito. Sitajifanya mtakatifu.

Njia safi zipo. Ukiwa na sidii halisi ya PlayStation, kompyuta yenye tundu la CD inaweza kuinakili: programu ya bure ya ImgBurn inakupa mafaili mawili, moja kubwa la bin na dogo la cue. Yahamishe yote mawili pamoja. Watu wengi wanahamisha lile kubwa tu, kisha wanalalamika gemu haina muziki. Baadaye ukitaka kuokoa nafasi, yageuze kuwa faili moja la chd.

Kuna pia gemu mpya zinazotengenezwa leo kwa mashine za kale. Tobu Tobu Girl ya Game Boy inatolewa bure na waliotengeneza. Micro Mages ya Nintendo ya kale inauzwa kwa bei ndogo, wanacheza hadi watu wanne, na yote imebanwa kwenye kilobaiti 40 kama Mario. Mpwa wangu anaipenda kuliko gemu zangu zote nilizomsifia.

Na kuna za kununua: makampuni yanazikusanya gemu za kale na kuziuza tena kwa Switch, PS4 na kompyuta. Duka la mtandaoni la GOG linauza gemu za kale za kompyuta ambazo ukishazipakua ni zako, hazidai intaneti tena, na kwa wanaohesabu bando hilo ni jambo kubwa. Malipo unaweza kufanya kwa kadi ya mtandaoni inayotolewa na kampuni ya simu. Ila usitarajie kupata kila kitu. Video Game History Foundation, shirika la kuhifadhi historia ya gemu, walichunguza mwaka 2023 wakakuta asilimia 87 ya gemu zilizotoka Marekani kabla ya 2010 haziuzwi tena popote.

## Laptopu ya kabatini

Hii ndiyo niliyoipenda kuliko zote kwa sebuleni. Laptopu ambayo Windows imeishinda, inayochukua dakika kumi kuwaka, inaweza kugeuka mashine ya gemu ya TV bila kuigusa Windows yake. Programu inaitwa Batocera, na inakaa kwenye flashi.

Utahitaji flashi ya gigabaiti 16 au zaidi, na iwe flashi ya kweli. Za bandia zinaandikwa 64 ilhali ndani ni 8, na utazigundua siku mafaili yanapoanza kupotea. Pakua Batocera ya kompyuta za kawaida. Ni faili la gigabaiti kadhaa, basi subiri bando la usiku au nenda penye Wi-Fi. Litie kwenye flashi kwa programu ya balenaEtcher. Kuinakili faili kama unavyonakili wimbo hakusaidii kitu. Na flashi yote itafutwa, kwa hiyo toa picha zako kwanza.

Chomeka flashi, washa laptopu huku ukigonga F12, F9 au Esc kutegemea aina yake, chagua kuwaka kwa flashi. Ikikataa, ingia kwenye mipangilio ya awali ya kompyuta uzime Secure Boot. Hapa ndipo wengi wanapokata tamaa, na ni kitufe kimoja tu. Ikishawaka, itatengeneza folda inayoitwa roms, na ndani yake folda ya kila mashine: nes (Famicom), snes (Super Famicom), megadrive, psx (PlayStation ya kwanza). Weka gemu mahali pake, chomeka pedi, chomeka HDMI kwenye TV. Basi. Ukitaka Windows yako, zima, chomoa flashi.

Laptopu yenye RAM ya gigabaiti 4 inabeba mpaka PlayStation ya kwanza bila kutokwa jasho. PS2 kwenye kompyuta dhaifu ni mateso, sauti inakwaruza na wachezaji wanakimbia kama wako ndani ya maji.

Kitu kimoja kwenye TV: nenda kwenye mipangilio ya picha uwashe modi ya gemu. TV za sasa zinaipamba picha kabla ya kuionyesha, na kupamba huko kunachukua muda. Usipoiwasha modi hiyo, utadhani pedi ni mbovu.

## PS2 yenyewe

Zimeuzwa zaidi ya milioni 160 duniani, hakuna mashine ya gemu iliyowahi kufika hapo, na ndiyo maana bado unazipata Mtwara, Masasi na Lindi kwa watu waliozifungia. Inacheza karibu sidii zote za PlayStation ya kwanza pia. Ukinunua, kagua hivi.

Igeuze, soma kibandiko. Cha kwanza ni volti. Umeme wetu ni 230. PS2 iliyoletwa kutoka Japani imeandikwa 100V, na ukiichomeka ukutani itawaka mara moja tu, ya mwisho. Niliwahi kufanya hivyo na PlayStation ya kwanza. Ulitoka mlio mdogo kama wa njugu inayopasuka kikaangoni, halafu harufu. Ya Japani inahitaji transfoma ya kushusha umeme, na mimi nasema iache tu.

Cha pili ni kusoma sidii. Washa, weka sidii, acha icheze robo saa. Lenzi iliyochoka inaanza vizuri kisha inakwama ikipata moto. Fundi akikwambia atapandisha nguvu ya lenzi kwa kugeuza skrubu ndogo, kataa kwa heshima: itasoma vizuri miezi michache, kisha itaungua moja kwa moja. Kusafisha kwa pamba ya masikio yenye spiriti ni halali, tena aanze na hilo.

Ila kama lenzi imekufa, mashine haijafa. Kuna memori kadi zinazouzwa zikiwa na programu ya Free McBoot ndani. Ukiichomeka tundu la kwanza, PS2 inawaka na menyu mpya, na humo kuna programu ya OPL inayosoma gemu bila sidii. Mashine za mwisho, zenye namba inayoanza na SCPH-9, nyingi zinaikataa kadi hiyo, kwa hiyo soma namba kabla hujanunua. Kisha una njia mbili. Flashi ya USB ni rahisi, lakini tundu la PS2 ni la kizazi cha kwanza cha USB, polepole, na filamu fupi za ndani ya gemu zitakatikakatika. Ifomati FAT32, na ujue kwamba faili lolote lililozidi gigabaiti 4 lazima likatwe vipande. Njia ya pili kwa PS2 nene, zile za mwanzo, ni diski kuu (hard disk) ya ndani kupitia kiungo chake cha mtandao, na hiyo inakwenda kama maji. Kwa nyembamba, za baadaye, kuna adapta ya kadi ya SD inayochomekwa tundu la pili la memori kadi.

Kuunganisha na TV mpya: angalia nyuma, TV nyingi bado zina tundu dogo la AV la mviringo linalotaka waya wenye vichwa vitatu, njano, nyeupe na nyekundu. Kama halipo, nunua kisanduku cha kugeuza AV kwenda HDMI. Kuwa makini: kuna kisanduku kinachogeuza HDMI kwenda AV, vinafanana kama mapacha na vinauzwa meza moja. Cha kwako kina matundu matatu yaliyoandikwa kuingia, na HDMI iliyoandikwa kutoka.

## Kaseti halisi na TV ya chogo

Hii si njia ya mtu mwenye haraka. Ni ya mtu anayetaka picha ileile, yenye mistari myembamba na rangi zinazoyeyukiana. TV mpya inaichukua ishara ya mashine za kale vibaya, inadhani ni picha ya matangazo ya zamani na kuichanganya. Mario anaonekana kama amepakwa mafuta. TV ya chogo haichanganyi kitu na haichelewi hata kidogo.

Halafu kuna bunduki. Ukivuta kichochezi kwenye gemu ya bata, kioo kinakuwa cheusi kwa mpepeso mmoja, kisha panapotokea bata panawaka weupe. Bunduki inatazama kama imeona mwanga huo, tena mwanga unaochorwa kwa kasi ya chogo, takriban mistari 15,000 kwa sekunde. TV ya ukutani haichori hivyo, na picha yake inafika imechelewa. Kwa hiyo usimlaumu fundi. Bunduki ya zamani kwenye TV mpya haitapiga bata hata umguse mdomo.

Chogo zinapatikana bure au karibu na bure. Unapoichukua, iwashe ikae dakika 20. Angalia kama picha inasinyaa pembeni, kama rangi moja imepotea, kama kuna mlio mkali. Zina uzito, beba wawili. Na usiifungue nyuma kwa hali yoyote, hata ikiwa imechomolewa: ndani kuna umeme wa maelfu ya volti unaobaki umejificha. Ile kazi ina mafundi wake.

Kaseti za njano zina meno 60, ndizo za mtindo wa Famicom. Zilizouzwa Marekani na Ulaya zina 72, haziingiliani bila adapta. Ukikuta kaseti haisomi, usiipulize. Najua, sote tulipuliza, na ilifanya kazi, lakini kilichosaidia ni kuichomoa na kuichomeka upya. Mate yanaleta kutu. Badala yake chukua pamba ya masikio, ichovye kwenye spiriti yenye asilimia kubwa, sugua meno mpaka pamba itoke safi. Meno yakiwa meusi kabisa, anza na raba ya penseli, taratibu. Acha ikauke robo saa.

Pedi za mashine hizi hufa kwa raba za ndani. Fungua skrubu, safisha duara nyeusi kwa pamba kavu, funga. Kazi ya dakika kumi, na madukani watakuuzia pedi nzima.

## Vijisanduku vyenye gemu elfu kumi

Utaviona: kijiti cha HDMI, pedi mbili zisizo na waya, boksi linalodai gemu 10,000. Ni kaseti ya njano imerudi na nguo mpya. Vinacheza, sikatai, na kwa zawadi ya mtoto havina shida. Lakini kadi ya SD iliyomo huwa ya hali ya chini, na ikifa inakufa na kila kitu. Ukinunua, siku hiyohiyo inakili kadi yote kwenye kompyuta, kisha nunua kadi nzuri uihamishie.

Vidogo vya mkononi kama Miyoo na Anbernic ni bora zaidi. Vile vya kampuni zenyewe, kama Nintendo Classic Mini ya 2016 yenye gemu 30 au PlayStation Classic ya 2018 yenye gemu 20, ni vizuri kwa anayekutana navyo, lakini Nintendo halisi na za bandia zinafanana kwa nje. Ya kweli haitakuwa na gemu 620.

## Chumvi, salfa na umeme

Ukiishi Shangani, Mikindani au popote unaposikia bahari, chuma chochote ndani ya nyumba kinaliwa polepole. Mashine isiyotumika ndiyo inayoliwa zaidi, kwa sababu inayowashwa inapata joto na kukausha unyevu. Washa kila moja angalau mara moja kwa wiki mbili, nusu saa. Ukimaliza acha ipoe kabla ya kuifunika, la sivyo unaufungia unyevu ndani. Ya kuhifadhi muda mrefu iweke kwenye deli la plastiki lenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu. Usitumie mchele kama watu wanavyoshauri; unaacha vumbi, na sisimizi watakushukuru.

Salfa ni adui ambaye sikumfikiria. Kule Newala na Tandahimba, na hata huku mjini kwa wenye mashamba, mifuko ya unga wa salfa ya kuzuia ubwiriunga kwenye mikorosho hulala stoo ileile ya vyombo vya ndani. Salfa inaibadilisha shaba na fedha kuwa nyeusi. Nilifungua pedi iliyolala msimu mzima kando ya mfuko mmoja, nyaya zilikuwa kama zimechomwa kwa moto. Stoo ya salfa isilale na kitu chenye waya.

Umeme ukikatika mashine ikiwa inahifadhi, memori kadi inaweza kufutika yote. Kwa PS2 na kaseti, weka kilinda umeme kinachosubiri dakika chache kabla ya kurudisha, kwa sababu umeme unaporudi ndipo unapokuja na kishindo. Kwa Batocera na vijiti vya HDMI, tatizo ni kadi na flashi kuharibika zikikatwa ghafla. Zima kwa menyu, usichomoe. Laptopu yenye betri hata ya nusu saa inashinda hapa, na ndiyo sababu nyingine naipenda. Usiku wa umeme mbovu mimi na mpwa wangu tunacheza hiyo kwenye kioo chake kidogo, au tunarudi kwenye simu.

Na kaseti zenye kuhifadhi, kama zile za Pokémon, zina betri ndogo ya saa ndani, mara nyingi CR2025 au CR2032. Ikiisha, kila ulichohifadhi kinaondoka nayo. Fundi anayejua kuchomelea kwa risasi anabadilisha kwa muda mfupi. Mpe betri mpya yenye miguu ya chuma iliyokwisha kuunganishwa, asichomelee moja kwa moja juu ya betri tupu, inaweza kupasuka. Ile ya njano ya Chikongola haina betri. Tuliisafisha, tukaichomeka kwenye mashine ya kuiga tuliyoipata kwa jirani, ikawaka. Mpwa wangu alichagua gemu namba 4,312. Ilikuwa vifaru.